Televisheni sebuleni mwa Mkristo: maswali ambayo wazazi huuliza mara kwa mara

Nimefundisha shule ya Jumapili katika usharika mmoja hapa Morogoro kwa miaka kumi na mmoja, na sikumbuki kikao cha wazazi kilichokwisha bila mtu kuuliza habari za televisheni. Wengine husimama wakauliza mbele ya wote. Wengine hunisubiri mlangoni, watu wakishatawanyika, wakanieleza kwa sauti ya chini kana kwamba wanaungama. Hapa nimekusanya maswali yanayorudi kila mara. Majibu ni yangu mimi, mama wa watoto wanne, si tamko la usharika. Pale nilipokosea nyumbani kwangu nimepasema.

Je, ni dhambi Mkristo kuwa na televisheni nyumbani?

Hapana. Sijaona andiko linalokikataza chombo hicho, na sitaki kumtwisha mtu mzigo ambao Mungu hakumtwisha. Lakini jibu haliishii hapo. Mtume Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba vitu vyote ni halali kwake, lakini si vyote vifaavyo, kisha akaongeza kwamba hatatiwa chini ya uwezo wa kitu chochote (1 Wakorintho 6:12). Neno la kushika ni hilo la mwisho: nani yuko chini ya uwezo wa nani?

Nina kipimo ambacho huwapa wazazi. Umeme ukikatika saa moja jioni, nyumba yenu inakuwaje? Kama watu wanasogeleana, mtu anawasha taa ya kuchaji, mtoto anatega kitendawili, baba anaanza kusimulia ya utotoni kwake, televisheni yenu ni mgeni tu mliyemkaribisha. Lakini kama kila mtu ananuna kwenye kona yake mpaka umeme urudi, na ukirudi nyumba nzima inapiga kelele za furaha na kukimbilia rimoti, basi huyo si mgeni tena. Ameshakuwa mwenye nyumba.

Hicho ndicho ninachokihofia kuliko picha chafu. Picha chafu mzazi akiiona anaizima. Jioni inayopotea haina anayeiona.

Mbona wapo watumishi wa Mungu waliokataa kabisa?

Wapo, na nawaheshimu. Waamishi wa Marekani, Wakristo wanaoishi kwa desturi za kale, hawana televisheni majumbani mwao. Yapo makanisa ya Kipentekoste yaliyowakataza waumini wake kwa miaka mingi. Papa Fransisko, kiongozi wa Kanisa Katoliki hadi alipofariki mwaka 2025, alisimulia katika mahojiano ya mwaka 2015 kwamba hakuwa ameangalia televisheni tangu usiku wa tarehe 15 Julai 1990, kwa sababu ya ahadi aliyomwekea Bikira Maria wa Mlima Karmeli. Mimi ni Mlutheri, lakini habari hiyo ilinigusa. Aliweka nadhiri yake, akaitunza miaka yote hiyo, wala hakuwalazimisha Wakatoliki wote duniani wafanye kama yeye.

Ni vizuri pia kukumbuka kwamba kwetu Tanzania Bara jambo hili si la zamani. Zanzibar walikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, na Kenya walianza matangazo mwaka 1962, hata kabla ya uhuru. Bara tulikaa bila kituo chetu mpaka 1994, kwa kuwa serikali ya Mwalimu Nyerere iliona ni anasa ya watu wachache wa mjini. Kwa hiyo wengi wetu wenye umri wa zaidi ya miaka arobaini tulikua na redio tu. Anayesema televisheni ndiyo iliyoleta uzinzi, ulevi na watoto wasiosikia, namwomba akumbuke kijiji alichokulia. Hayo yote yalikuwapo. Kilichokuwapo pia, ambacho sasa kimepungua, ni watu kukaa pamoja jioni na kutazamana usoni.

Mume wangu anataka, mimi sitaki. Tufanyeje?

Msiamue mbele ya watoto, wala usiifiche rimoti. Someni pamoja Warumi 14. Kanisa la Rumi liligawanyika juu ya vyakula na siku, na Paulo hakuwaambia nani kashinda. Aliwaambia wasihukumiane, na kwamba kila mtu athibitike katika akili zake mwenyewe. Kisha ongeeni kuhusu saa badala ya chombo. Wanandoa wengi niliowasikiliza hawakukubaliana juu ya televisheni, lakini walikubaliana upesi kwamba kati ya saa fulani na saa fulani iwe imezimwa.

Mtoto aanze kuangalia akiwa na umri gani, na kwa muda gani?

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asiwekwe mbele ya skrini kabisa. Wa mwaka mmoja vilevile. Kuanzia miaka miwili hadi minne isizidi saa moja kwa siku, na ikipungua ni bora zaidi. Mwongozo huo unalingana na kile wanachotuambia manesi kliniki: mtoto mdogo hujifunza kuongea kwa kuitazama midomo ya mtu anayemjibu. Katuni haimjibu. Akisema "maji", haimuulizi "maji ya kunywa au ya kuoga?"

Hapa nina la kuungama. Mtoto wetu wa tatu nilikuwa namweka mbele ya katuni kila jioni nikipika, saa moja na nusu, wakati mwingine mbili. Alitulia, nami nikamshukuru Mungu kwa utulivu ule. Alipofika miaka miwili na nusu maneno yake yalikuwa yanahesabika. Nesi akanishauri nizime, nimweke jikoni karibu nami, niongee naye hata kama hajibu. Nikampa bakuli la choroko achambue, tukawa tunazitaja moja moja. Leo anaongea mpaka tunamwomba anyamaze wakati wa sala. Sisemi katuni ndizo zilizomchelewesha. Watoto hutofautiana na mimi si daktari. Nasema zile zilikuwa saa zangu na yeye, na mimi nilimpa mtu mwingine saa hizo.

Kwa wakubwa, pigeni hesabu hii kwenye karatasi mkiwa pamoja. Saa tatu kwa siku ni saa 1,095 kwa mwaka, yaani zaidi ya siku 45 kamili, mchana na usiku. Biblia nzima ikisomwa kwa sauti huchukua saa zipatazo 75. Kijana wangu wa kidato cha pili alipoona hesabu hiyo alinyamaza kimya muda mrefu.

Sisi tunashinda kazini. Dada wa kazi ndiye anayebaki na watoto, na tivii inawaka kutwa. Tumkataze vipi?

Swali hili huulizwa kwa hasira, na karibu kila mara hasira inaelekezwa kwa binti. Naomba tulitazame upya.

Binti huyo mara nyingi ana miaka kumi na minane au kumi na tisa, ametoka kijijini kwao Dodoma au Iringa, hana rafiki mtaani. Mnaondoka saa kumi na mbili asubuhi, mnarudi saa moja usiku. Kwa saa kumi na tatu anayeongea naye kwa Kiswahili cha mtu mzima ni ile tivii peke yake. Mkimfungia king'amuzi bila kumpa kitu kingine, mmemfungia yeye. Kisha mnamtaka awe na uchangamfu kwa watoto wenu!

Anzeni kwa kumweka ndani ya familia. Aketi mezani. Awe na zamu ya kusoma neno jioni kama wengine. Jumapili aende ibadani, na kama anapenda kwaya aachwe aende mazoezini. Baada ya hapo ndipo mkae naye mpange: tivii iwake saa ngapi, vipindi gani, watoto wakiwa wamelala au wapo macho. Akishaona kwamba naye ni mtu wa nyumba hiyo, atalinda macho ya watoto wenu kuliko kufuli lolote. Mwajiri anayemlipa binti wa watu kwa kuchelewa, akamnyima siku ya kupumzika, halafu akamkemea kwa kuangalia tamthilia, ana jambo zito zaidi la kutubu kuliko tamthilia.

Tamthilia za Kituruki na Kifilipino zina ubaya gani? Hazina uchi.

Nyingi ni kweli hazina uchi, na zimetiwa sauti za Kiswahili kizuri. Mama mkwe wangu anazifuata, naye ni mtu wa sala. Sizihukumu kwa kuwa zinatoka nje. Zetu za hapa nyumbani nazo zina wachawi na wake wenza wanaotiliana sumu.

Shida ya kwanza ni muundo wake. Kila sehemu hukatwa mahali ambapo huwezi kulala bila kujua kilichofuata, na inarudi kesho saa ileile, miezi na miezi. Huo ni uraibu uliopangwa na watu wanaoijua kazi yao. Shida ya pili ni kisasi. Angalia ni mara ngapi anayependwa na watazamaji ndiye anayelipiza vizuri zaidi. Mtoto anayemeza hayo kila usiku hamsikii Yesu akisema mpende adui yako. Anamsikia kama mtu asiyejua dunia.

Lakini wapo wazazi wanaoniambia: "Mwalimu, mbona hata Biblia ina habari za Daudi na mke wa Uria?" Ni kweli, na ni swali la akili. Sura ya kumi na moja ya 2 Samweli ina kila kitu kilichomo katika tamthilia: mfalme juu ya dari ya jumba, mwanamke anayeoga, mimba, barua, mauaji. Tofauti iko katika sura ya kumi na mbili. Nathani anaingia, anasimulia habari ya tajiri, maskini na mwana-kondoo mmoja, kisha anamwambia mfalme usoni, "Wewe ndiwe mtu huyo." Tamthilia nyingi zina sura ya kumi na moja na hazifiki ya kumi na mbili. Kwa hiyo kama mtaangalia, angalieni pamoja, na mzazi awe Nathani. Ikifika tangazo, uliza: huyu mama aliyedanganya, nani ameumia? Wewe ungemshauri nini? Mazungumzo ya dakika tatu kama hayo yamenifundisha mengi kuhusu binti yangu ambayo nisingeyajua kwa kumuuliza shule imeendaje.

Mume wangu akikosa mpira nyumbani ataenda baa. Si bora tuwe nayo?

Ni sababu ya haki kabisa. Mwanamume anayeangalia Simba na Yanga sebuleni kwake, mwanawe wa kiume yuko pembeni anauliza kwa nini ile ni kuotea, huyo yupo nyumbani. Kwenye kibanda umiza, kile cha kulipia kuangalia mpira, au baa hayupo. Watoto wa kiume wanaokosa pa kuangalia wataenda kibandani, watakaa kati ya watu wazima wanaovuta na kutukana, na hakuna atakayewaambia waende kulala.

Kitu kimoja tu. Kabla ya mechi, katikati na baada yake kuna matangazo ya kubeti, na yametengenezwa yafanane na ushindi. Usiyapite kimya. Mwambie mwanao wazi: kampuni ile hulipa tangazo kwa pesa za walioshindwa. Nimeona ada ya shule ikiishia huko, katika nyumba ya mtu ninayemfahamu ambaye hajawahi kunywa pombe.

Vipi kuhusu vituo vya dini? Si hivyo ni salama?

Kwanza jema lake. Mwaka 1958 Papa Pio wa XII alimtangaza Mtakatifu Klara wa Asizi kuwa msimamizi wa televisheni. Husimuliwa kwamba Klara, akiwa mgonjwa kitandani usiku wa Noeli, hakuweza kwenda ibadani, akaiona na kuisikia ibada akiwa palepale alipolala. Hata sisi tusio na desturi ya kuwaomba watakatifu tunaielewa habari hiyo. Kila usharika una mzee aliyepooza, mama aliyejifungua juzi, mtu wa dialisisi. Mwaka 2020 makanisa ya Kenya yalipofungwa kwa ajili ya korona, familia nyingi zilifanya Pasaka mbele ya skrini, na Mungu alikuwapo.

Lakini usiseme ni salama kwa sababu tu kuna mtu ameshika Biblia. Anayehubiri kwenye skrini hakujui. Hajui kama umelala njaa, hatakuja msibani kwako, na huwezi kumuuliza swali. Akikuambia utume sadaka kwa simu ili upokee mafuta au maji ya muujiza, zima. Nimewapoteza wazazi wawili katika jumuiya yetu kwa njia hiyo. Walianza kwa kukosa ibada moja, kwa kuwa ile ya kwenye tivii "ina moto zaidi". Waebrania 10:25 inatuonya tusiache kukusanyika pamoja, na kukusanyika kuna mikono ya kushika na watoto wa wengine wanaolia nyuma yako.

Tumeondoa televisheni, lakini watoto wana simu. Tumefanya nini sasa?

Mmeondoa iliyokuwa na nafuu. Tivii ina wema mmoja ambao hatukuuona zamani: iko sebuleni na kila anayepita anaona kilichopo. Simu iko chini ya shuka. Kama mna nguvu ya kupigania kitu kimoja tu, pigania simu zisilale vyumbani. Kwetu zinalala kwenye kabati la vyombo kuanzia saa tatu usiku, na za baba na mama zimo humohumo. Wakati ya kwangu ilikuwa haimo, hakuna mtoto aliyetii.

Kwa jirani je?

Wataangalia kwa jirani. Mjue jirani, basi, na muongee naye kwa upendo. Mtoto aliyezoea kuulizwa umeona nini atawaambia mwenyewe.

Kuna njia za kufunga vipindi visivyofaa?

Zipo. Ving'amuzi vingi vina namba ya siri ya kufunga chaneli au vipindi kwa umri. Omba fundi akuonyeshe siku anapofunga dishi, maana baadaye utasahau. Ibadili namba ile ya kiwandani. Nchini Kenya vipindi hupangwa kwa alama: GE kwa watu wote, PG kwa uangalizi wa mzazi, kisha 16 na 18, na kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi saa nne usiku vituo havitakiwi kurusha visivyofaa watoto. Alama hizo husaidia ukizitazama.

Usiweke tivii chumbani kwa mtoto, hata kama amefaulu na uliahidi zawadi. Tafuta zawadi nyingine. Na ukiiweka sebuleni, ifunge ukutani au kwenye meza imara. Televisheni za zamani zenye kisogo zikimwangukia mtoto zinaua.

Tunaishi na wazazi wetu wazee. Nao tuwazimie?

La. Babu aliyesikiliza taarifa ya habari maisha yake yote usimnyang'anye saa mbili usiku yake. Waheshimu baba yako na mama yako ni amri, televisheni si amri. Sisi tulisogeza ibada ya nyumbani ikawa saa mbili kasorobo, na baba mkwe ndiye anayefunga kwa sala. Hajawahi kuchelewesha amina.

Nyumbani kwenu mlifanyaje?

Mwaka 2019, Kwaresma ilipoanza, tuliifunga kwenye boksi lake tukaiweka juu ya kabati. Tuliwaambia watoto ni kwa siku arobaini. Siku tisa za kwanza zilikuwa ngumu, na mgumu kuliko wote nilikuwa mimi. Nilikuwa nimezoea kuiwasha nikiingia tu kutoka kazini, ili nyumba isiwe kimya, na ukimya ule ulinionyesha kwamba mimi na mume wangu tulikuwa hatujaongea vizuri kwa muda mrefu. Tuligombana wiki ya pili. Wiki ya tatu tukaanza kuongea. Pasaka ilipofika mtoto wa kwanza akauliza kama tunaweza kuendelea mpaka afunge shule. Ikakaa juu ya kabati karibu miaka miwili.

Tuliirudisha baba mkwe alipohamia kwetu. Ina kitambaa chake cha kufuma alichotuletea mama mkwe. Saa mbili kasorobo mwenye zamu ya kusoma huizima na kuifunika, kisha anafungua Biblia. Wiki hii ni zamu ya dada wa kazi. Tuko katika kitabu cha Ruthu, na jana aliomba tusiishie sura ya pili.